Samaki na mboga kwa maji yale yale Ulaya: mwongozo kamili wa tangi moja linalovuka baridi

Mifumo mingi ya samaki na mboga inayokufa Ulaya haifi kwa ubovu wa mabomba. Inakufa kwa kalenda. Mtu ameona mfumo ukistawi Mwanza au Kisumu, anapata tangi mwezi wa Agosti, anamaliza kufunga mabomba Septemba, anatia samaki Oktoba. Ikifika Desemba maji yana nyuzi 6, amonia, yaani sumu inayotolewa na samaki wenyewe, inapanda, mboga zimesimama, na samaki wameanza kuelea. Mwaka unaofuata ananunua pampu kubwa zaidi, anarudia miezi ile ile, anavuna hasara ile ile.

Hapa tunajenga mfumo mdogo wa nyumbani, ndani ya kitalu nyumba kisicho na hita, katika nchi kama Uingereza, Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani au kusini mwa Sweden. Shauri letu ni moja, na hatua zote zinalifuata: chagua samaki anayefaa maji uliyonayo, na ratiba yako yote iongozwe na kipimajoto.

## Amua samaki kwanza, kabla ya kununua hata bomba

Sato. Ndiye tunayemjua, ndiye tunayemtamani, na ndiye anayetuangusha. Hula na kukua vizuri maji yakiwa nyuzi 24 hadi 30. Chini ya nyuzi 16 huacha kula, na maji yakikaribia nyuzi 10 huanza kufa.

Wengi husema watamwekea hita. Pigeni hesabu kwanza. Tangi la lita 1000 lililofunikwa pande zote kwa bodi za povu gumu za sentimita 5 hupoteza takriban wati 5 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya maji na hewa. Hiyo si mbaya. Lakini vitanda viwili vya mboga vilivyo wazi, jumla ya mita 2.2 za mraba, hupoteza karibu wati 20 kwa kila nyuzi. Maji yakiwa nyuzi 25 na hewa nyuzi 0, ni zaidi ya wati 600 mfululizo, yaani uniti 15 za umeme kila siku. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa. Hakuna sato wa nyumbani anayelipa bili hiyo.

Kambare wa Afrika. Hufugwa Uholanzi na Ujerumani, ila ndani ya majengo yenye maji ya moto. Kwa kitalu kisicho na hita, mwache.

Karpi. Huyu ndiye wa kuanzia. Hula vizuri nyuzi 18 hadi 26, hupunguza kula chini ya 12, na chini ya 8 hutulia chini ya tangi akisubiri majira yabadilike. Huvumilia maji yenye hewa kidogo na makosa madogo ya mfugaji. Nyama yake ina miiba, lakini kwa mchuzi wa nazi au kwa kukaanga hasa inaliwa vizuri.

Trauti. Aliyezoea mito ya Mlima Kenya anamjua. Anapenda nyuzi 10 hadi 16, kwa hiyo Ulaya ni samaki wa kuanzia Oktoba hadi Mei. Maji yakifika nyuzi 20 huacha kula. Yakipanda zaidi anakufa. Anadai oksijeni nyingi na maji safi, hivyo mpe nafasi mwaka wa pili, mfumo ukishakomaa.

Suala la sheria lisipuuzwe. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 708 ya mwaka 2007 kuhusu ufugaji wa spishi ngeni za majini, na kila nchi ina masharti yake juu ya hapo. Uingereza nayo ina leseni kwa spishi nyingi ngeni. Piga simu kwa idara ya uvuvi au afya ya samaki ya eneo lako ueleze samaki unayemtaka na kwamba mfumo umefungwa, haumwagi maji mtoni. Nunua vifaranga kwa mfugaji aliyesajiliwa. Usivue mtoni au ziwani ukatia tangini, maana unaleta minyoo na magonjwa.

## Vifaa

- Matangi mawili ya mraba ya lita 1000 yenye fremu ya chuma, yale yanayouzwa kwa jina la IBC. Soma kibandiko: yawe yamebeba chakula (juisi, mafuta ya kula, sharubati). Yaliyobeba kemikali hayasafishiki. Yakatae hata ukipewa bure.
- Pipa la plastiki la lita 120, na lita 50 za vipande vidogo vya plastiki vya chujio la bakteria, vinavyouzwa kwenye maduka ya mabwawa ya samaki.
- Pampu ya bwawa ya lita 2000 kwa saa kwa ajili ya vitanda, na nyingine ya lita 1000 kwa saa kwa ajili ya pipa.
- Pampu ya hewa ya angalau lita 20 kwa dakika, mawe manne ya hewa, na pampu ndogo ya hewa ya betri kwa dharura.
- Taima inayoweza kuwasha na kuzima kila dakika 15.
- Lita 660 za kokoto za udongo wa kuchoma, milimita 8 hadi 16. Changarawe ya granaiti inafaa pia, ila ni nzito mno.
- Bodi za povu gumu za sentimita 5 kwa pande zote za tangi, chini na juu, pamoja na za pipa.
- Mabomba ya plastiki ya milimita 50 na 25, konekta za tangi, na vipande vya bomba la milimita 110.
- Seti ya vipimo vya matone: amonia, nitriti, nitrati, pH na ugumu wa kaboneti (KH). Vijiti vya karatasi vya rangi havitoshi. Kwenye amonia ndogo vinadanganya.
- Vipimajoto viwili, kimoja cha maji na kimoja cha hewa kinachokumbuka joto la chini la usiku.
- Amonia kloridi safi, bikaboneti ya potasiamu, vitamini C ya unga, chumvi isiyo na madini joto (iodini), na chuma cha mimea aina ya EDDHA.
- Swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja. Maji na umeme vinakaa pamoja hapa. Bila swichi hiyo usiwashe kitu.

Usitumie bomba au kiungo cha shaba, wala bati lenye zinki, mahali popote maji yanapopita. Shaba na zinki kidogo tu huua samaki polepole, na hutajua chanzo.

## Hatua ya 1: Jenga Machi na Aprili

Tangi la samaki ni IBC moja nzima. Kata mlango upande wa juu, wenye upana wa kuingiza mikono na wavu. Lipake lote rangi nyeusi au lifunike kwa karatasi nyeusi ya nailoni kabla ya kuliwekea povu, kwa sababu mwanga ukipenya maji yatageuka kijani na mwani utakula oksijeni usiku.

Lizike sentimita 60 ardhini ukiweza. Udongo hauruki kutoka joto hadi baridi kama hewa, na hiyo peke yake hukuokolea nyuzi kadhaa usiku wa barafu. Lakini chimba shimo la majaribio kwanza: maji ya ardhini yakiwa juu, tangi litasukumwa na kuelea siku utakapolipunguza maji. Weka bodi ya povu chini yake kabla ya kulishusha.

IBC ya pili ikate vipande viwili vya kina cha sentimita 35, cha juu na cha chini. Hivyo ndivyo vitanda vya mboga, kila kimoja takriban mita 1.1 za mraba. Viweke juu ya matofali ya saruji ili kitako chake kiwe juu kidogo ya mdomo wa tangi. Maji yatarudi yenyewe. Kitanda kimoja chenye kokoto za udongo na maji hufikia kilo 300. Chenye changarawe huzidi 600. Meza ya mbao za kuokota haibebi.

## Hatua ya 2: Mabomba, na kwa nini hatutumii saifoni ya kengele

Saifoni ya kengele, kifaa kinachomwaga maji ya kitanda chenyewe kila kinapojaa, inapendeza kwenye video, lakini inadai mtiririko usiobadilika, na majira ya baridi ndiyo hasa tunayohitaji kubadilisha mtiririko. Taima na bomba la wima vinatosha.

Katikati ya kitanda funga konekta ya milimita 50 na bomba la wima la sentimita 25. Toboa matundu mawili ya milimita 8 karibu kabisa na kitako chake. Lizungushie bomba la milimita 110 lililotobolewa matundu mengi, ili kokoto zisizibe. Pampu ikiwaka kitanda hujaa hadi mdomo wa bomba la wima. Ikizima, maji hutoka yote kwa matundu ya chini kwa muda wa nusu saa hivi, na mizizi hupata hewa.

Jaza kokoto hadi sentimita 30. Zioshe kwanza mpaka maji yatoke maangavu. Ikiwa umenunua changarawe, dondoshea siki: ikitoa povu ina chokaa, na pH yako haitashuka kamwe. Sentimita 5 za juu zibaki kavu daima. Maji yakionekana juu, mwani na mbu watakuja na joto litapotea.

Pampu ya vitanda isiketi sakafuni mwa tangi. Iinue kwa tofali, sentimita 20. Bomba likichomoka usiku, pampu itaacha sentimita 20 za maji, na kwa kuwa mawe ya hewa yanaendelea, samaki watafika asubuhi wakiwa hai.

## Hatua ya 3: Pipa la bakteria, sehemu inayosahaulika

Ukiruka kila kitu kingine, hii usiiruke. Vitanda vya mboga ndivyo vichujio vya kawaida vya mfumo huu: bakteria hukaa kwenye kokoto na kugeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati inayoliwa na mboga. Tatizo ni kwamba wakati wa baridi vitanda vile vile ndivyo vinavyopoza maji. Aliye na vitanda peke yake analazimika kuchagua: azungushe maji yapoe, au ayazuie bakteria wafe.

Pipa linaondoa mtego huo. Liweke juu ya matofali, livike povu, tia vipande vya plastiki lita 50 na jiwe moja la hewa chini ili vipande vizunguke bila kukoma. Pampu ndogo inapandisha maji saa 24, nayo yanarudi tangini kwa bomba la juu lenye wavu. Anza kulitumia tangu siku ya kwanza, wakati wa joto, ili ifikapo Novemba bakteria wawe wamejaa humo. Kulianzisha Desemba ni kazi bure, kwa sababu bakteria wapya hawaoti kwenye baridi.

## Hatua ya 4: Maji

Jaza lita 900. Uholanzi maji ya bomba hayana klorini na sehemu kubwa ya Ujerumani ni hivyo hivyo, lakini Uingereza yana klorini, na baadhi ya kampuni hutumia kloramini. Klorini huondoka ukiyaacha maji yakipulizwa hewa siku mbili. Kloramini haiondoki kwa kusubiri. Tia gramu 3 hadi 4 za vitamini C kwa lita 900, koroga, subiri saa moja.

Sehemu nyingi za Ulaya, pamoja na kusini mwa Uingereza, zina maji magumu yenye chokaa, pH 7.8 hadi 8.2. Usikimbilie siki wala ndimu: pH itashuka leo, itapanda kesho, na kuyumba huko kunaumiza kuliko pH yenyewe. Bakteria wanapofanya kazi hutumia kaboneti na pH hushuka taratibu. Lengo ni 6.8 hadi 7.2.

Jua tu kwamba pH ikiwa juu, amonia ni sumu zaidi. Kwa maji ya nyuzi 15 na pH 7, chini ya asilimia 0.3 ya amonia yote ndiyo yenye sumu. Kwa pH 8 ni kama asilimia 2.7. Kipimo kile kile cha amonia kinaweza kuwa salama kwa jirani na kikaua kwako.

## Hatua ya 5: Otesha bakteria bila samaki, Mei na Juni

Hapa ndipo subira inapolipa. Usianze mpaka maji yafike nyuzi 15. Kwa nyuzi 20 hadi 25 kazi hii huchukua wiki 3 hadi 5. Yakirudi nyuzi 12 hadi 15 katikati ya kazi, tarajia wiki 6 hadi 10.

1. Yeyusha gramu 8 za amonia kloridi kwenye ndoo, mwaga tangini. Kipimo kisome kati ya miligramu 2 na 2.5 kwa lita. Ukizidisha hadi 5 au zaidi unachelewesha, kwa sababu amonia nyingi huwabana wale wale unaowasubiri.
2. Ukipata sifongo la chujio kutoka bwawa au tangi la samaki wenye afya, likamulie ndani ya pipa. Hilo hupunguza wiki kadhaa. Kama pale kulikuwa na samaki mgonjwa, achana nalo.
3. Pima kila siku ya pili. Kwanza amonia inashuka na nitriti inapanda. Nitriti hukaa juu muda mrefu kiasi cha kukatisha tamaa, usibadilishe kitu.
4. Amonia ikifika chini ya 0.5, tia tena kiasi kile kile.
5. Kuanzia wiki ya pili panda miche michache ya saladi na nanaa. Itakuwa na rangi ya njano njano mwanzoni. Nitrati bado haijaja.

Utajuaje umefaulu: unatia amonia miligramu 2, saa 24 baadaye amonia na nitriti zote ni sifuri, nitrati imepanda juu ya 20, na jambo hilo limetokea mara mbili mfululizo. Nitriti ikionekana hata kidogo, bado.

## Hatua ya 6: Tia samaki, mwishoni mwa Juni

Karpi 20 wa gramu 100 hadi 150. Watakuwa kilo 2 hadi 3 kwa jumla. Mwisho wa safari usizidishe kilo 10 za samaki kwa lita 1000. Wenye mashine za oksijeni huenda mbali zaidi, anayeanza asiwaige.

Elesha mfuko wa samaki tangini dakika 20, kisha ongeza maji ya tangi kidogo kidogo ndani ya mfuko kwa nusu saa. Watoe kwa wavu. Maji ya mfuko usiyamwage tangini. Siku ya kwanza usiwalishe.

Funika tangi kwa wavu. Karpi huruka wiki ya kwanza, na wengi hupotea kwa njia hiyo.

## Hatua ya 7: Lisha kwa kipimajoto

Bandika hii karibu na ndoo ya chakula. Asilimia ni ya uzito wa samaki wote kwa siku.

Karpi
- Nyuzi 20 hadi 26: asilimia 2 hadi 3, mara mbili au tatu
- Nyuzi 15 hadi 20: asilimia 1 hadi 1.5
- Nyuzi 10 hadi 15: asilimia 0.5 hadi 1, mara moja, mchana
- Nyuzi 8 hadi 10: kidogo sana, mara mbili au tatu kwa wiki, chakula chepesi cha ngano
- Chini ya 8: usilishe

Trauti
- Nyuzi 4 hadi 6: asilimia 0.3 hadi 0.5
- Nyuzi 8 hadi 10: karibu asilimia 1
- Nyuzi 12 hadi 15: asilimia 1.2 hadi 1.5
- Nyuzi 18: nusu yake
- Nyuzi 20: acha kulisha, anza kuvuna

Chakula kisichoisha ndani ya dakika 10 kiondolewe. Katika maji baridi tumbo la samaki husaga polepole, na bakteria nao wamelegea. Gramu 50 ambazo Julai hazikuacha alama, Novemba zinaweza kupandisha amonia kwa siku mbili. Samaki kukataa kula maji yakiwa nyuzi 7 si ugonjwa. Kumbembeleza kwa chakula zaidi ndiko kunakoleta ugonjwa.

Upande wa mboga, mita moja ya mraba ya mboga za majani inahitaji gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku. Kwa vitanda vyetu ni gramu 90 hadi 110. Chini ya hapo mboga zitakua, ila zitapauka.

## Hatua ya 8: Mboga na tarehe zake

Juni hadi Septemba panda unachotaka: nyanya, matango, basili, mchicha. Mchicha unahitaji joto, hivyo ni wa miezi hiyo tu.

Wengi hukosea Agosti. Kwa London mchana huwa chini ya saa 10 kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, na mboga karibu zote husimama hata kitalu kikiwa na joto. Zinahitaji kuwa kubwa *kabla* ya hapo. Kwa hiyo sia spinachi, chadi, sukuma wiki, pakchoi, kotimiri na vitunguu majani kati ya mwisho wa Julai na mwisho wa Agosti. Ukifanya hivyo utakuwa unachuma majani ya nje Desemba na Januari kama ghala lililo hai. Ukisia Oktoba, miche itabaki na majani manne mpaka Machi.

Majani machanga yakiwa njano na mishipa ya kijani, ni upungufu wa chuma, na kwa maji magumu utauona mapema. Tia gramu 33 za chuma cha EDDHA chenye asilimia 6 kwa lita 1000 kila wiki 3 au 4. Maji yatakuwa mekundu siku kadhaa, samaki hawadhuriki.

Usipulize dawa ya wadudu yoyote, hata ile ya sabuni, wala dawa ya ukungu yenye shaba. Vidukari viondoe kwa maji na mkono, au nunua wadudu wanaowala.

## Hatua ya 9: Badilisha mfumo kuwa wa baridi

Anza usiku unapoanza kushuka chini ya nyuzi 5, kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba.

Vitanda vifanye kazi mchana tu. Weka taima iwashe dakika 15 kila saa, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Usiku maji yabaki tangini chini ya mfuniko wa povu. Badiliko hili peke yake linahifadhi joto kuliko hita yoyote ndogo utakayonunua.

Pipa liendelee saa 24. Lisizimwe hata usiku mmoja.

Pampu ya hewa iwe mahali pasipo na baridi kali. Ikivuta hewa ya nyuzi 5 chini ya sifuri na kuipuliza majini usiku kucha, inakuwa mashine ya kupoza.

Funika mboga kwa kitambaa chepesi cha kuzuia jalidi usiku, na kifunue mchana.

Utabiri ukisema nyuzi 5 chini ya sifuri au zaidi, zima kabisa pampu ya vitanda na umwage maji yote yaliyobaki kwenye mabomba yake. Maji yaliyoganda hupasua konekta, na utagundua siku yatakapoyeyuka, sakafu ikiwa bwawa. Siku zikirudi juu ya sifuri, washa tena mchana. Bakteria wa kokoto wakikaa kavu wiki nyingi, wengi hufa.

Ukitaka hita, iwe ya kuzuia maji yasishuke chini ya nyuzi 5 au 6, basi. Kuinua lita 900 kwa nyuzi moja hutumia takriban uniti moja ya umeme, bila kuhesabu inayopotea.

Pima amonia na nitriti mara mbili kwa wiki, na KH mara moja. KH ikishuka chini ya 4, tia gramu 35 za bikaboneti ya potasiamu kwa lita 1000. KH itapanda kwa moja. Ukiiacha iishe, pH inaweza kuporomoka chini ya 6, bakteria wakasimama, na amonia ikaanza kujaa huku ukidhani tatizo ni chakula.

## Yanapoharibika

Amonia juu ya 1. Acha kulisha. Badilisha robo ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana. Tafuta samaki aliyekufa chini. Mara nyingi yupo.

Nitriti juu ya 1, samaki wanahema juu juu, mashavu ya kahawia. Tia gramu 1 ya chumvi kwa kila lita, yaani gramu 900. Kloridi inazuia nitriti isiingie kwenye damu. Kisha acha kulisha hadi ishuke. Stroberi na maharage hayaipendi chumvi hiyo. Afadhali yapotee hayo.

Samaki wote wako juu alfajiri. Oksijeni. Washa pampu ya betri, angalia mawe ya hewa yaliyoziba kwa chokaa, yaloweke kwenye siki na kuyasuuza vizuri kabla ya kuyarudisha.

Pamba nyeupe mwilini mwa samaki wakati wa baridi. Ni ukungu wa jeraha, na kwa kawaida chanzo ni kuwashika au kuwahamisha maji yakiwa baridi. Usiwasogeze kati ya Novemba na Machi pasipo ulazima.

Umeme umekatika. Karpi wa nyuzi 6 watavumilia saa nyingi, maana maji baridi hushika oksijeni zaidi na wao hawali. Trauti walioshiba nyuzi 14 wana muda mfupi sana. Ndiyo maana ya pampu ya betri.

## Hatua ya 10: Machi, na mwaka wa pili

Machi ni mwezi wa hatari kuliko Januari. Jua linapasha kitalu mchana, samaki wanaanza kuomba chakula, lakini bakteria hawajaamka. Subiri maji yafike nyuzi 10 asubuhi, si mchana, kwa siku tano mfululizo. Anza na robo ya kiasi kilichoandikwa, pima amonia siku inayofuata, na uongeze kila wiki kama inasoma sifuri. Rudisha vitanda kwenye ratiba ya saa 24 usiku ukiacha kushuka chini ya nyuzi 5.

Ukitaka trauti, wakati wake ni Oktoba ya mwaka wa pili. Vuna karpi wote Septemba. Karpi na trauti wasichanganywe, chakula na joto lao havilingani. Kati ya hapo na kufika kwa trauti, lisha bakteria kwa gramu 8 za amonia kloridi kila siku ya pili, na hakikisha kipimo ni sifuri siku wanayofika. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15, tia trauti 30 wa gramu 100. Kilo hizo 3 zikila asilimia 1, yaani gramu 30, hutoa amonia ya kutosha kupandisha kipimo kwa karibu miligramu 1 kwa lita kila siku kama bakteria hawapo. Oksijeni isishuke chini ya miligramu 7 kwa lita. Ongeza mawe mawili ya hewa.

Wavune kuanzia Aprili, wakiwa gramu 300 hivi, na wote wawe wametoka kabla maji hayajafika nyuzi 18. Wasile siku mbili kabla. Mzubaishe kila samaki kwa pigo moja thabiti kichwani, nyuma ya macho, kisha kata matamvua damu itoke mara moja. Ujerumani sheria ya ulinzi wa wanyama inadai anayemuua mnyama mwenye uti wa mgongo awe na ujuzi wa kufanya hivyo. Jifunze kwa mfugaji kabla ya siku yenyewe. Tangi likibaki tupu Mei, endelea na amonia kloridi mpaka karpi wapya waingie Juni, ili pipa lisianze upya.